Kava ya Kulia

Sehemu ya tano

Ninyi mliomwacha Kinyozi wiki iliyopita amepiga magoti pembeni ya gari la watu, msisumbuke kumtafuta. Bado amepiga magoti, na kava bado haiingii.

Kwa waliotufikia leo, habari kwa ufupi ni hii. Gari ni la Bi Mkaguzi, mkaguzi wa shule mstaafu na mjane. Bi Mkaguzi ndiye mama yake Mshonaji, na Mshonaji ndiye mwanamke pekee aliyewahi kumfanya Kinyozi anunue pasi. Kinyozi aliliazima gari kubebea kiti kipya cha saluni. Bi Mkaguzi alimpa ufunguo kwa vidole viwili, kama anayekabidhi mkia wa panya, akamwambia: “Likirudi kama lilivyotoka, tutakaa tuzungumze habari za ndoa. Likirudi vingine, lirudi peke yake.”

Kiti kilipakiwa, kikaziba dirisha lote. Gari lilitoka kwa seremala kwa kubahatisha, na kioo cha pembeni kikagusa nguzo ya geti. Kugusa tu. Kava ya plastiki inayofunika mgongo wa kioo iliruka ikaangukia barabarani, na lori lililokuwa likipita na hamsini zake likaifanya unga.

Kinyozi alimpigia simu Mzee Spea, muuza vipuri wa mtaa wa nyuma. Mzee akamtajia za aina zote: za kung'aa kama sufuria mpya, nyeusi za mistari, nyekundu za vijana wanaotaka kuonekana. Kinyozi alitaka moja tu, ya bluu ya wino, isiyosema lolote. Ikaletwa kwa pikipiki imefungwa kwenye gazeti, samahani, si gazeti hili. Alipokuwa ameishika mkononi, simu ikalia.

“Usihangaike kulileta gari,” ilisema sauti ya Bi Mkaguzi. “Nakuja kulichukua mwenyewe. Nimeshatoka nyumbani.”

Hapo ndipo tulipomwacha.

Kinyozi aliisukuma kava kwa kiganja. Ikakataa. Akaigeuza juu chini. Ikakataa zaidi. Akaitia pumzi ya moto, akaifuta kwa aproni, akaijaribu kwa upole, kisha kwa matusi ya chinichini.

Mlango wa saluni ukafunguka. Akatoka Mteja aliyekuwa amesahauliwa kwenye kiti kipya, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa ikang'aa na nusu nyingine ina msitu wake kama alivyokuja nao.

“Fundi, mimi nina usaili mchana.”

“Nakuja, kaka.”

“Umesema hivyo tangu nywele za upande huu zilipokuwa fupi.” Mteja akainama akaitazama kava. “Hiyo si ya huku. Hiyo ya upande wa pili.”

“Nilimwambia ya kushoto. Hiki si cha kushoto?” Kinyozi akaenda akasimama mbele ya boneti, uso kwa uso na gari, akanyoosha mkono wake wa kushoto. Mkono ukaelekea moja kwa moja kwenye kioo kilicho uchi. “Umeona? Kushoto.”

“Kushoto kwako. Gari nalo lina kushoto kwake.”

Tusimcheke. Mtu aliyekula ujana wake amesimama mbele ya nyuso za watu, akinyoa ndevu, huzoea kwamba kushoto ni pale mkono wake wa kushoto ulipo. Kidevu hakijawahi kumbishia. Aliliendea gari kama anavyomwendea mteja wa ndevu, akaliangalia usoni, akaagiza. Na gari, ambalo huhesabu pande zake kutoka kwenye kiti cha dereva, likamwacha aumbuke.

“Kumbe ninachotaka ni ya kulia,” alisema Kinyozi taratibu.

“Ya kulia,” alikubali Mteja. “Na kwa jinsi ninavyokuona, utalia.”

Kabla Kinyozi hajajibu, alisikia viatu anavyovijua. Mshonaji alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa duka lake la nguo, utepe wa kupimia bado uko shingoni.

“Mama amenipigia, anasema...” Akanyamaza. Macho yake yalikuwa yamefika kwenye kioo. Mgongo wa kioo bila kava si kitu cha kupendeza: ni waya, skrubu na vumbi la miaka. “Nini hiki?”

“Ajali ndogo.”

“Lini?”

“Juzi.”

“Juzi? Na jana tumekaa wote jioni nzima unaniambia gari liko salama?”

“Nilisema liko salama. Sikusema lote.”

Mshonaji hakucheka, na Kinyozi akajua kwamba mambo ni mabaya, maana kwa kawaida mwanamke huyu hucheka hata akijichoma sindano.

“Sikiliza,” alisema. “Mama hachukii kitu kilichovunjika. Nyumbani tumevunja vyombo mpaka tumechoka. Anachochukia ni kilichofichwa. Utoto wangu wote niliambiwa neno moja: kitu kilichopakwa rangi ili kuficha ufa hakiingii nyumba hii. Mwambie ukweli akifika.”

“Nikimwambia, gari litarudi peke yake.”

“Usipomwambia na akaona, hata mimi nitarudi peke yangu.”

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, na ndiyo maana ilimuuma. Kinyozi alimpenda Mshonaji kuliko saluni yake, na saluni ile aliijenga kwa kunyoa watu chini ya mwavuli. Kumkosa kwa ajili ya kipande cha plastiki ilikuwa aibu ambayo hakuona pa kuiweka.

Basi akafanya alichokiona ni busara. Aliingia garini akaliegesha upya, ubavu wa kulia ukiwa umebanana na ukuta wa saluni, nafasi ya kupita paka aliyefunga. Kisha akagundua kwamba mlango wa dereva ndio huo ulio ukutani. Alitoka kwa kupanda juu ya gia, akapita kiti cha abiria, akaanguka nje kwa mikono kwanza.

“Mzuie mama dakika chache tu,” alimwambia mchumba wake kutoka chini. “Nikirudi nitasema. Naapa nitasema. Lakini niseme gari likiwa zima.”

“Funika kombe mwanaharamu apite,” alisema Mteja, ambaye hakuulizwa na mtu.

Kinyozi alikimbia na aproni yake. Mbingu ilikuwa imenuna tangu asubuhi, mawingu yamekaa juu ya mabati, lakini mvua ilikuwa bado inajishauri.

Duka la Mzee Spea ni refu na jembamba. Taa za magari zimening'inia darini, milango imesimama ukutani, na katikati kuna kaunta ambayo juu yake kuna kila kitu isipokuwa nafasi. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa wima nyuma yake, uso hautikisiki, mdomo haufunguki zaidi ya tundu la kifungo.

Alikuwa na sababu. Asubuhi ile alikuwa wa kwanza saluni, mlango haujafunguliwa hata nusu, na Kinyozi alimpaka piko, ile rangi nyeusi ya nywele, kwenye masharubu yake yaliyokuwa meupe kama pamba. Hufanya hivyo kila baada ya muda, na jambo hilo wanalijua watu wawili na brashi moja.

“Usicheke, mzee,” alisema Kinyozi akihema. “Haijakauka sawasawa.”

“Sichekagi hovyo,” alijibu Mzee Spea kwa meno. “Unataka nini? Kava umeletewa.”

“Nimeletewa ya kushoto.”

“Uliomba ya kushoto.”

“Niliomba ya kushoto nikitaka ya kulia.”

Mzee akamtazama kwa muda. “Wewe ndiye unayeshika wembe shingoni kwangu?”

“Mzee, nisaidie. Ya kulia, bluu hiyohiyo. Nakurudishia hii.”

“Ya kulia sina.”

Kinyozi aliinua macho. Juu ya kichwa cha Mzee Spea, ukutani, peke yake, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi, ilikuwa imetundikwa kava. Bluu ya wino. Imepakwa rangi vizuri mpaka taa ya dukani inaonekana ndani yake. Hata asiyejua kulia na kushoto angejua kwamba ile ndiyo.

“Na ile?”

“Ile haiuzwi.”

“Kila kitu humu kinauzwa. Wiki iliyopita uliuza kiti ulichokalia.”

“Ile si yangu,” alisema Mzee, na sauti yake ikabadilika. “Ni ya mama mmoja. Aliileta ina mkwaruzo, akataka ipakwe upya. Nikampa nyingine ya muda ya kutembelea, nzeenzee, klipu yake moja imekatika. Nikamwambia asipite nayo karibu na vitu.”

“Kwa nini hajaichukua? Mbona imekamilika?”

“Imekamilika zamani.” Mzee Spea aliitazama mikono yake. “Lakini kila akija, anasema bluu imezidi. Au imepungua. Anaitazama juani, anaitazama kivulini. Tunailinganisha na nyingine, tunakunywa chai, anaondoka. Na mimi nisipoona kasoro naitafuta. Kijana, siku nitakayosema imekamilika ataichukua, na akiichukua atakuwa hana la kumrudisha hapa. Kwa hiyo haijakamilika.”

Kinyozi alikuwa tayari kuhuzunika pamoja naye, mtu ni utu. Lakini huruma yake ilikuwa na haraka. Alipanda juu ya ndoo, akaitoa kava kwenye msumari kabla mzee hajanyanyuka, akaigeuza aone klipu.

Ndani ya kava, kwa rangi nyekundu, kulikuwa na alama ya vema.

Msomaji, nyumbani kwa Bi Mkaguzi kila kitu kina alama hiyo. Ipo chini ya vikombe, chini ya viti, kwenye kitako cha ndoo, nyuma ya saa ya ukutani. Kisicho nayo ni cha jirani au hakijakaguliwa. Kinyozi alipoalikwa chai mara ya kwanza, aliiona chini ya kisahani chake, na tangu siku hiyo amekuwa akijiuliza yeye atawekewa wapi.

Alishuka kwenye ndoo polepole.

“Mzee. Huyu mama ana miwani yenye kamba?”

“Ndiyo.”

“Akikusalimia, unajisikia kama hukufanya kazi ya nyumbani?”

Mzee Spea alifungua mdomo zaidi ya alivyoruhusiwa. “Unamjua?”

“Ndiye mama mkwe wangu. Yaani atakuwa, kama kava hii itakuwa kwenye gari lake kabla hajafika saluni.”

Mzee akamkagua upya, kuanzia aproni mpaka viatu.

“Kumbe wewe ndiye yule kinyozi,” alisema Mzee. “Ananieleza habari zako. Anasema huna kasoro anayoiona, na hilo linampa wasiwasi.”

Kinyozi alijikuta akifurahi katikati ya balaa. Kumbe ile kava aliyoivunja haikuwa ya Bi Mkaguzi. Ilikuwa mkweche wa duka hili hili, wenye klipu iliyokatika, na mama yule mkali alikuwa akitembea nayo mjini miezi mizima kwa sababu ambayo hakumwambia hata bintiye. Hasira, kicheko na huruma vilimjia kwa pamoja.

“Mzee, nikiikosa hii namkosa binti.”

“Na mimi nikiitoa namkosa mama.”

“Huwezi kumweka mtu kwa kumshikia kava.”

Mzee Spea akatoa kitambaa, akaipangusa kava mara moja ya mwisho, akaiweka mikononi mwa Kinyozi kama anavyokabidhiwa mtu mtoto mchanga.

“Nenda. Sababu yangu imekwisha. Sasa itabidi nikaseme kwa mdomo.”

“Useme nini?”

“Mbona una maswali kama yeye? Kimbia.”

Kinyozi alikimbia. Alipokunja kona ya saluni, teksi ilikuwa imeshaondoka na Bi Mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni, mwembamba, wima, miwani kifuani kwa kamba yake. Hakuwa anatazama gari. Alikuwa anatazama kichwa cha Mteja.

“Huyu amefeli,” alimwuliza bintiye, “au mtihani bado unaendelea?”

“Shikamoo mama,” alisema Mteja. “Bado unaendelea.”

“Marahaba. Pole.”

Mshonaji alimwona Kinyozi akinyata. Akamshika mama yake mkono akamgeuza ndani. “Mama, njoo kwanza uone kiti kipya.”

Kinyozi alivuta tumbo akajipenyeza kati ya gari na ukuta. Alichuchumaa. Kutoka mfukoni mwa aproni akatoa kitana chake cha mkia mrefu, kifaa pekee alichonacho ambacho hakikwaruzi. Alisukuma kioo upande wa ndani, akaingiza mkia wa kitana upande wa nje, akakivuta taratibu mpaka kikaachia. Nyuma yake klipu zilionekana. Aliilaza kava mahali pake, akabonyeza.

Tak. Klipu ya juu.

“Nini hicho?” ilisema sauti ndani ya saluni.

Mteja alikohoa kikohozi kirefu cha mtu anayetaka kumalizwa kunyolewa.

Tak. Klipu ya chini.

Ya tatu ikagoma. Kwa chini ya gari, Kinyozi aliona viatu vya Bi Mkaguzi vikitoka mlangoni, vyeusi, vya kisigino kifupi, vikija bila haraka. Vikafika kwenye bampa. Alifumba macho akabonyeza kwa paji la uso.

Tak.

“Kijana,” ilisema sauti juu ya paa la gari, “unafanya nini huko?”

“Shikamoo mama. Nafuta vumbi.”

“Marahaba. Kwa kichwa?”

Alirudisha kioo, akatoka kinyumenyume, akapanda tena kupitia mlango wa abiria, juu ya gia, akalisogeza gari katikati ya uwanja. Bi Mkaguzi akavaa miwani. Ukaguzi ukaanza.

Alianza mbele. Taa. Bampa. Akapita kushoto akagusa kioo cha upande ule, akakubali kwa kichwa. Akafungua buti akanusa. Akarudi kwa upande wa kulia, akainama kwenye tairi, akaufungua na kuufunga mlango. Kisha akafika kwenye kava.

Hakuitazama. Aliigusa tu kwa kidole, na kidole kikasimama.

Kinyozi alimwona akigundua. Kidole kilichozoea plastiki kuukuu kilikuwa kimekutana na rangi laini aliyoikagua mara nyingi juani na kivulini. Bi Mkaguzi aliinua macho, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane macho yale hayakuwa yanauliza swali. Yalikuwa yanaogopa kuulizwa.

Na hapo, msomaji, Kinyozi alikuwa ameshika mpini. Angeweza kutabasamu tu. Angeweza kusema, “Mama, tuzungumze habari za ndoa,” na angejibiwa ndiyo kabla hajamaliza. Mteja mwenyewe, asiyejua lolote, aliona kwamba kijana ameshinda kitu.

Lakini Mshonaji alikuwa amesimama pembeni, anamtazama, anangoja kile alichoapiwa.

“Mama,” alisema Kinyozi. “Kava uliyonipa gari likiwa nayo imevunjika mikononi mwangu. Juzi. Sikusema. Nilitaka uikute nzima usijue. Ndiyo maana nililibana gari ukutani, na ndiyo maana nina vumbi kichwani. Hii ni nyingine.”

Mshonaji alishusha pumzi. Kinyozi hakusema kava ilitoka wapi. Kinyozi anayesema yaliyo vichwani mwa watu hufunga saluni mapema.

Bi Mkaguzi alipitisha kidole tena juu ya kava, kama anayesahihisha daftari.

“Uliyeitoa kwake,” aliuliza hatimaye, taratibu, bila kumtazama bintiye, “alisemaje?”

“Alisema ilikamilika zamani, mama.”

“Zamani.”

“Ndiyo, mama. Anasema alikuwa akiitafutia kasoro.”

Bi Mkaguzi alivua miwani akaifuta, na ilikuwa safi. Midomo yake, iliyowahi kutetemesha walimu wakuu, ilianza kutabasamu ikakatazwa, ikajaribu tena. Alikuwa na furaha na alikuwa na haya, na vyote viwili havikuwa vimepangiwa nafasi katika ratiba ya siku ile.

“Basi,” alisema, akijikohoza. “Umevunja, umeficha, ukasema. Kuficha ni kosa. Kusema ni...” Alitafuta neno. “Kuhusu binti yangu, jibu langu ni...”

“Hodi hapa,” ilisema sauti.

Mzee Spea alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, na masharubu yake yalikuwa meusi kuliko tairi. Mkononi hakuwa na kipuri chochote. Hilo peke yake lilimfanya aonekane kama mtu mwingine.

“Umeshampa kijana jibu lake?” alimwuliza Bi Mkaguzi, kwa sauti ya mtu aliyeirudia sentensi njia nzima.

“Nilikuwa nataka kumpa.”

“Basi ukimaliza, nipe na mimi langu.”

Mteja alikaa kwenye ngazi ya saluni. Usaili ungengoja.

Mshonaji alimtazama mzee, akamtazama mama yake, akaitazama kava ya bluu. Binti wa mkaguzi hahitaji kuelezwa mara mbili. Alikumbuka chai zilizonywewa nje, na safari za “kuchagua rangi”, na jinsi mama alivyoanza kuimba akifua.

“Mama, miezi yote hii?” alisema. “Na mimi nikiambiwa kisichosemwa ni uongo?”

“Mwanangu...”

“Sikatai.” Alivua utepe wa kupimia shingoni, akaukunja polepole mkononi. “Lakini kabla hujamjibu, huyu nitamkagua mimi.”

Mkuki kwa nguruwe, wahenga wanatuambia, na Bi Mkaguzi aliuhisi ubavuni. Alijinyoosha, akavaa miwani, akaivua tena. Kisha akasogea karibu na Kinyozi, akamwambia kwa sauti ya chini, na kila neno lilikuwa limepigiwa mstari:

“Kijana, mwombee mzee huyu afaulu. Nyumba hii haina mitihani miwili. Akifeli yeye, umefeli na wewe.”

Mshonaji alikuwa ameshaanza. Alimzunguka Mzee Spea kama mama yake alivyolizunguka gari. Viatu. Kola. Vifungo. Mzee alisimama wima, mdomo umefungwa, jasho likimtoka kwenye paji la uso na yeye akiliombea lisishuke.

“Shikamoo baba, samahani,” alisema Mshonaji. “Kanuni ni zilezile nilizolelewa nazo. Kilichopakwa rangi ili kuficha hakiingii nyumbani kwetu. Si ndivyo, mama?”

“Ndivyo,” alisema Bi Mkaguzi, kwa sauti ndogo.

“Vizuri.” Mshonaji akamgeukia mchumba wake. “Wewe leo umenionyesha kwamba unaweza kusema kweli hata ikikuuma, na nimekupenda zaidi kwa hilo. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Huyu mzee unamfahamu. Kuna kitu chochote amekifunika?”

Watu wote wakamtazama Kinyozi. Bi Mkaguzi alimtazama akimsihi. Mzee Spea alimtazama bila kutikisa hata unywele wa juu ya mdomo.

Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye boneti. La pili likaanguka juu ya kava ya kulia, likateleza. Mzee Spea akainua uso kutazama la tatu linatokea wapi.